Bunduki ya kuwinda kule kariyeri: kartushi gani, kwa nyama gani?

Kisha kupima mchanga na kugawana na PDG wa shimo, mchimbaji akibaki na makuta kidogo mkononi, mawazo yanakuwa mengi. Kuna karo ya watoto, kuna mabati, kuna moto ya kubebea mizigo. Na kuna wengine, kutoka Kailo mpaka Punia, kutoka Kalima mpaka Salamabila, ambao wanafikiri kununua bunduki ya kalibri 12. Sababu ziko mbili: kutafuta nyama ya kula na kuuzisha kambini, na kumaliza wale wanyama wezi wanaokula kuku za mama usiku.

Watu wanasema: «Bunduki ni bunduki tu, na kartushi ni kartushi tu.» Hapana, ndugu msomaji, si hivyo. Kartushi moja iliyoingia pahali haistahili inaweza kupasua mtutu na kukata vidole vya mwenye kuishika. Risasi moja iliyopigwa usiku katikati ya kambi inaweza kupita kwenye bâche na kumkuta mtoto wa jirani amelala. Na mnyama mmoja aliyekatazwa na sheria anaweza kumpeleka baba wa jamaa gerezani. Kwa hiyo tuangalie jambo hili pole pole, kabla ya kutoa makuta.

Mwizi wa kuku ni nani?

Kule Marekani, wafugaji wanawinda bweha na mnyama mwingine wa jamii ya mbwa anayeitwa coyote. Wanatumia bunduki zenye tundu ndogo na risasi moja inayokwenda mbio sana, juu kule kuna mbuga wazi: mtu anaona mnyama akiwa mita 200 na zaidi. Ukiangalia filamu zao kwenye telefone, utatamani bunduki kama ile. Lakini pori yetu si mbuga ya Marekani. Ndani ya mwitu wa Maniema, jicho linaona mita 20 au 30 tu, kisha ni majani. Risasi ndogo ya mbio, hata ile inayoonekana ya kuchezea ya kalibri 22, inaweza kwenda karibu kilomita moja na nusu kabla ya kuanguka. Nani anajua kule mbele kuna nani? Pengine ni mama anatafuta kuni, pengine ni wachimbaji wenzako kwenye shimo lingine.

Kwetu, mwizi wa kuku ni mara nyingi fongo, yule mwenye madoa meusi na harufu kali, anayeweza kupima kilo 7 mpaka 20. Au ni kanu, mdogo kama paka, mwenye mkia mrefu wa pete-pete, ambaye anapanda mti na kuingia kwenye tundu dogo. Nguchiro anakuja mchana, anapenda mayai. Kusini, kwenye savana za Kasongo na Kabambare, kuko pia bweha, mwenye mstari mweupe ubavuni. Na mara nyingine mwizi ni mbwa wa jirani, au mtu mwenye miguu miwili.

Fongo na kanu wanatembea usiku. Hapo njo shida inaanza. Sheria ya uwindaji ya nchi yetu, namba 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982, inakataza kuwinda usiku kwa kumulika mnyama na taa. Na hata kama isingekataza, kambi ya wachimbaji si pahali pa kupiga risasi gizani. Nyumba ni za miti, majani na bâche. Hakuna kitu hapo kinachozuia risasi.

Dawa ya kwanza ya fongo si bunduki, ni nyumba ya kuku. Ijengwe juu ya miguu ya miti, karibu mita moja kutoka chini. Kuta ziwe za mianzi iliyofungwa vizuri, bila nafasi ya kupitisha ngumi, kwani kanu anapita pahali padogo sana. Mlango ufungwe kabla ya jua kuzama, kila siku, hata siku ya mvua. Majani yakatwe kuzunguka nyumba mita tano hivi, na mabaki ya chakula na matumbo ya samaki yasitupwe karibu. Mama anayefanya hivi atalinda kuku wengi kuliko baba anayekesha na bunduki.

Na neno moja la hatari: bweha, nguchiro au mbwa anayekuja mchana bila woga, anayeyumba-yumba, anayetoa mate na kuuma kila kitu, pengine ana ugonjwa wa kichaa cha mbwa. Usimshike, hata akiisha kufa. Mtu akiumwa, aoshe kidonda papo hapo na maji na sabuni kwa dakika 15, kisha akimbie hospitali kutafuta chanjo. Ugonjwa huo ukiisha kuonyesha dalili, karibu kila mtu anakufa. Usingojee.

Kalibri 12 maana yake nini?

Watu wengi wanashika bunduki ya kalibri 12 lakini hawajui namba hiyo inatoka wapi. Zamani, Wazungu walichukua ratili moja ya risasi, karibu gramu 450, wakaigawa katika vipande 12 vya mviringo vinavyolingana. Mtutu uliopitisha kipande kimoja cha hivyo uliitwa kalibri 12. Tundu lake ni milimita 18 na nusu hivi. Ukigawa ratili ile mara 16, vipande vinakuwa vidogo zaidi: njo kalibri 16. Ukigawa mara 20, ni kalibri 20. Kwa hiyo namba ikipanda, tundu linapungua.

Hapa kuna mtego uliokata mikono ya watu wengi ulimwenguni. Kartushi ya kalibri 20 ikitiwa kwenye mtutu wa 12, inateleza mbele na kukwama ndani. Mwindaji anavuta, hakuna mlio. Anafungua, anaona tupu, anafikiri alisahau, anatia kartushi ya 12 nyuma yake. Akivuta tena, mtutu unapasuka. Juu ya hatari hiyo, viwanda vingi vinapaka kartushi za kalibri 20 rangi ya manjano. Nyumba yenye bunduki za kalibri mbili isiweke kartushi zake ndani ya mkebe mmoja.

Mtego wa pili ni urefu. Kwenye chuma cha mtutu, karibu na mlango wa kartushi, mara nyingi kumeandikwa 12/65, 12/67, 12/70 au 12/76. Namba ya pili ni milimita: urefu wa chumba cha kartushi. Bunduki nyingi kuukuu, zile walizoachiwa wazee, ni za 65. Kartushi nyingi za siku hizi ni za 70. Na kartushi ya 70 inaingia vizuri ndani ya chumba cha 65! Kwa nini? Kwa sababu urefu unapimwa kisha kupiga, wakati mdomo wa kartushi umefunguka. Kabla ya kupiga, mdomo umekunjwa na kartushi inaonekana fupi. Ukivuta, mdomo unakosa nafasi ya kufunguka, nguvu ya moshi inapanda kupita kipimo, na chuma cha zamani kinaweza kushindwa. Kwa hiyo soma mtutu, soma na kartushi. Kama maandishi ya mtutu yamefutika, mpelekee fundi wa silaha anayejulikana na serikali, usijaribu.

Namba ya kartushi na nyama yake

Ndani ya kartushi muna vidonge vya risasi. Kartushi yenye vidonge vidogo inabeba vingi, ile ya vidonge vikubwa inabeba vichache. Kwa namba za Wafaransa, zinazojulikana sana kwetu, namba 6 ina vidonge vya milimita 2.75, namba 4 ni milimita 3.25, namba 2 ni milimita 3.75, na zéro-zéro ni karibu milimita 4.5. Kisha hapo inakuja shevrotini, vidonge vikubwa vinavyohesabika: kartushi ya vidonge tisa, kila kimoja kikiwa na milimita 8 na kidogo.

Angalia vizuri hapa. Wamarekani nao wana kartushi yenye zéro mbili, lakini zéro-zéro yao ni ile shevrotini kubwa ya milimita 8.4. Alama moja, vitu viwili tofauti kabisa. Kwa hiyo usinunue kwa kusikia jina. Soma karatasi, au tazama milimita, au hesabu ya vidonge iliyoandikwa kwenye kartushi.

Kwa kanga na ndege wengine, namba 6 au 5 inatosha. Kwa simbiliki, namba 4. Kwa mboloko, yule swala mdogo wa kilo nne au tano, namba 4 mpaka 2, karibu, si mbali. Kwa fongo au bweha ambaye mwenye ruhusa anampiga mchana, namba 2 ndani ya mita 25 au 30. Kwa nguruwe wa pori, ambaye ana ngozi ngumu na anaweza kurudia mwindaji, vidonge vidogo ni kumtesa tu: hapo ni shevrotini au risasi moja nzima, na ndani ya mita 30.

Wengi wanapenda shevrotini kwa kila kitu, wakisema: «Hii njo inamaliza yote.» Lakini vidonge tisa kwa mnyama mdogo, kwa mita 35, vinatawanyika: pengine kimoja kinamgusa tumboni, anakimbia, anafia mbali, nyama inaoza, makuta ya kartushi yamekwenda na maji. Na shevrotini ikikosa mnyama inaweza kusafiri zaidi ya mita 600. Namba 4 inaanguka kwa karibu mita 250. Mtu anayewinda karibu na njia, karibu na mashamba au karibu na shimo la wachimbaji asisahau tofauti hiyo.

Kwa jumla, bunduki ya kalibri 12 ni silaha ya mita 35, pengine 40. Zaidi ya hapo ni bahati nasibu. Mwindaji mzuri anajulikana kwa kuacha kuvuta, si kwa kuvuta.

Unyevu, matope na moto

Maniema ni nchi ya mvua. Kartushi za karatasi zinavimba, kikombe chake cha shaba kinatoa kutu ya kijani. Kartushi iliyovimba isisukumwe kwa nguvu. Weka kartushi ndani ya mkebe mkavu wenye kifuniko, mbali na mafiga, mbali na jua, na juu ya yote mbali na watoto. Bunduki ilale pahali pengine, tupu, chini ya kufuli.

Ukivuta na kartushi isilie, usifungue haraka. Elekeza mtutu kwenye udongo mtupu, mbali na watu, ungoje nusu dakika. Baruti yenye unyevu inaweza kuchelewa. Ukianguka njiani, fungua bunduki, toa kartushi, tazama ndani ya mtutu kwenye mwanga. Kipande kidogo cha matope kinatosha kupasua chuma. Ukivuka Lualaba kwa mtumbwi, ukipanda moto, ukipita juu ya mti ulioanguka, bunduki iwe tupu na imefunguliwa. Ajali nyingi hazitokei wakati wa kupiga nyama, zinatokea wakati wa kutembea.

Na zile bunduki za wahunzi, zilizotengenezwa na bomba? Ni za bei ndogo, kweli. Lakini bomba la maji au chuma cha gari halikufanywa kubeba nguvu ya kartushi ya kiwanda. Hakuna aliyelipima. Leo inapiga, kesho inapiga, kesho kutwa inampasukia mwenyewe usoni. Isitoshe, haina namba, haina karatasi, na mbele ya polisi haina maelezo.

Sheria na karatasi

Kuko karatasi mbili tofauti, na watu wanazichanganya. Ya kwanza ni ruhusa ya silaha yenyewe, chini ya sheria ya silaha na risasi namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985. Ya pili ni permi ya kuwinda, chini ya ile sheria ya 1982. Mwenye ruhusa ya bunduki bila permi ya kuwinda hana haki ya kuwinda. Mwenye permi ya kuwinda na bunduki isiyojulikana yuko pia kwenye makosa. Uliza kwenye ofisi ya teritware na kwenye servisi ya mazingira, tena udai risiti ya kila makuta unayolipa. Uulize pia tarehe za kufungua na kufunga uwindaji, maana si mwaka wote.

Silaha za vita, hizo ni hapana kabisa. Sheria inakataza kuwinda nazo. Mtu akikuletea AK-47 akisema ni ya kukopa kwa wiki moja, jiulize ilitoka kwa nani na inawindwa na nani. Siku wanajeshi wanapokukuta nayo porini, hawatakuita mwindaji, watakuita mai-mai.

Na jambo hili linagusa mfuko wa kila mchimbaji. Kariyeri za kasiterite na koltani zinatembelewa na kupewa rangi: kijani, manjano au nyekundu. Kati ya mambo yanayoangaliwa ni kama kuna watu wenye silaha kwenye shimo au njiani. Rangi ikiwa nyekundu, mali ya pale haiuzishwi kwa njia ya sheria. Bunduki ya kuwinda si jeshi, ni kweli. Lakini mgeni anayeona mtu na mtutu begani juu ya shimo hatofautishi. Kwa hiyo bunduki isiingie kwenye kariyeri, hata kama ina karatasi zote.

Wanyama wasioguswa

Gorila, sokwe, bonobo, okapi na tembo hawawindwi kamwe, kwa permi yoyote. Sheria namba 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014 ya kulinda viumbe inatoa kifungo na amandi kubwa. Kakakuona naye, biashara yake ya kupita mipaka imekatazwa ulimwenguni kote tangu 2017.

Kwa nini ukali huu? Mwaka 2016 watafiti walitoa hesabu ya gorila wa mashariki ya Kongo, wale wanaoishi kutoka Kivu mpaka pande za Punia na Maiko. Walisema mwaka 1995 walikuwa karibu 17,000, na kwamba wamebaki karibu 3,800. Mwaka 2021 hesabu mpya ilipandisha namba mpaka 6,800 hivi, lakini hata hapo hasara ni kubwa. Na sababu waliyoitaja inatuhusu sisi: vita vilileta silaha, na kambi za wachimbaji ndani ya mwitu zilileta tumbo la kulisha. Gorila jike anazaa mtoto mmoja tu kwa miaka minne hivi. Ukiua mmoja, pengo halizibwi. Simbiliki na mboloko wanazaa haraka zaidi, na hata wao wanamalizika kama kambi ni kubwa na bunduki ni nyingi. Wachimbaji wa zamani wanajua: kambi ikifunguliwa, nyama iko karibu. Mwaka wa tatu, mwindaji anatembea siku mbili.

Mwitu wetu ungali na mali isiyojulikana. Upande wa magharibi wa Kindu, kwenye mto Lomami, wataalamu walionyeshwa kima mwenye uso kama wa mtu, anayeitwa lesula na wenyeji. Wawindaji walimjua tangu zamani, lakini sayansi ilimwandika mwaka 2012 tu. Mwaka 2016 serikali ilitangaza Parke ya Taifa ya Lomami, yenye kilomita za mraba zaidi ya 8,800, kati ya Tshopo na Maniema. Ndani ya parke hakuna kuwinda.

Nyama ikifika kwenye chungu

Mama, sehemu hii ni yako. Vidonge vya kartushi ni madini ya risasi, na risasi ni sumu, hasa kwa mtoto na kwa mwenye mimba. Inaharibu ubongo pole pole bila kelele. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama. Wachimbaji wa dhahabu wa Zamfara, kule Nigeria, walijifunza kwa machozi: mwaka 2010 vumbi la mawe yenye risasi liliua watoto zaidi ya 400. Kwenye nyama hatari ni ndogo kuliko kule, lakini iko, na inajazana.

Kidonge kikigonga mfupa kinavunjika vipande ambavyo jicho haliviona. Kwa hiyo kata na kutupa nyama yote yenye damu nyeusi kuzunguka tundu, upana wa mkono. Izike, usimpe mbwa. Ukilaza nyama kwenye ndimu au siki, au kuipika na nyanya nyingi, uchachu unayeyusha risasi zaidi, kwa hiyo toa vidonge kwanza.

Mnyama uliyemkuta amekufa porini, mwache pale. Mpox iligunduliwa kwa mtu kwa mara ya kwanza hapa kwetu, mwaka 1970. Mwenye kidonda mkononi asichune nyama. Na nyama iive mpaka ndani.

Kabla ya kutoa makuta

Jiulize maneno haya, na mke wako akusikie. Mwizi wa kuku nimemjua, na nyumba ya kuku nimeitengeneza? Karatasi mbili ninaweza kuzipata? Mtutu una maandishi, na kartushi zinazouzishwa hapa zinalingana nayo? Bunduki italala wapi pahali mtoto hatafika? Na kartushi ninazopiga kwa mwezi, zinazidi bei ya samaki wa Lualaba au hapana?

Hesabu hiyo ya mwisho, watu wengi hawaifanyi. Chukua karatasi, andika bei ya kila kartushi, toa zile zilizokosa na zile zilizojeruhi mnyama akapotea, kisha gawanya kwa kilo za nyama zilizofika nyumbani kweli. Kwa jamaa nyingi, jibu litakuwa kuku kumi, nyumba yao iliyofungwa vizuri, na makuta yanayobaki yaende shuleni.